Nichague msimbo upi wa kerneli ya Gentoo, ikiwa umeme ni wa kuhesabu na megabaiti ni za kununua?

Mchapaji wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu zangu, jambo kwenu nyote.

Ninaendesha sekretariati ndogo ya kuchapa na fotokopi hapa Kadutu, na ninaomba shauri lenu kabla sijatumia megabaiti ambazo sitaweza kuzirudisha. Mashini yangu kuu ni kompyuta ya okazioni yenye prosesa ya kori mbili, RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Ndiyo inayotunza kazi za wateja, ndiyo inayozihudumia printa mbili, na ndiyo inayogawa intaneti ya modemu ya USB kwa kompyuta nyingine mbili zilizo pembeni yake. Miezi michache iliyopita niliisimika Gentoo, aina mojawapo ya Linux, kwa sababu nilitaka kuujua mfumo kuanzia chini, na tangu siku hiyo inatumia gentoo-kernel-bin, yaani kerneli (moyo wa mfumo) iliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kutoka msimbo kuwa programu), ambayo kijana mmoja alinisaidia kuiweka.

Nilipoanza kusoma peke yangu nikakutana na majina mengi: gentoo-sources, vanilla-sources, gentoo-kernel, git-sources, zen-sources, rt-sources. Katika maandishi ya zamani niliyopewa kwenye flashi nimeona pia hardened-sources inasifiwa sana kwa usalama, lakini mashini inanijibu kwamba kifurushi hicho hakipo. Mwanzoni nilidhani kwamba tofauti ni ya ubora, kama karatasi nzito na karatasi nyepesi, kwamba ipo iliyo bora na ipo hafifu. Lakini kila ninayemuuliza ananitajia nyingine na kila mmoja ana sababu zake.

Hali yangu ni hii. Umeme unakuja kwa saa chache na unaondoka bila kuaga. Nina paneli moja ya sola na betri moja, ambazo zinatosha kuendesha kompyuta mchana jua likiwapo. Intaneti ninainunua kwa vifurushi. Ninataka kerneli iliyo salama, isiyonilazimisha kupakua mamia ya megabaiti kila mara, na isiyonifia mkononi wakati watu wamepanga mstari wakisubiri barua zao za maombi ya kazi. Je, nibaki nilipo, au nianze kuikompaili mwenyewe?

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo ndugu Mchapaji. Nianze na majina, kwa maana naona ndiyo yanayokusumbua kuliko umeme.

Hayo si madaraja ya ubora. Yote yanatoka katika msimbo mmoja, ule ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao leo unatolewa kupitia kernel.org, kinachotofautiana ni nani ameugusa baada ya kutoka huko, na ni nani anayebaki na kazi ya kuusanidi na kuukompaili. Vanilla-sources ni msimbo huo kama ulivyotoka, bila kuongezwa kitu. Gentoo-sources ni uleule pamoja na mkusanyo wa viraka (marekebisho madogo ya msimbo) unaoitwa genpatches, ambao unarekebisha hitilafu kadhaa na kuweka menyu ya Gentoo mwanzoni mwa usanidi, ili mtu asisahau vitu ambavyo programu za kuendeshea mfumo, kama udev, OpenRC au systemd, haziwezi kufanya kazi bila hivyo. Gentoo-kernel inatumia msimbo wenye viraka hivyo, lakini usanidi wake umetayarishwa mapema kwa kuanzia ule wa Fedora (Linux nyingine), na Portage yenyewe, programu ya Gentoo ya kusimika vifurushi, ndiyo inayokompaili na kusimika. Gentoo-kernel-bin ni kazi hiyohiyo iliyofanywa katika kompyuta za watu wa Gentoo, nawe unaletewa matokeo. Kwa hiyo ukitoka gentoo-sources ukaenda gentoo-kernel-bin hujabadili msimbo; umebadili mtu wa kuufanyia kazi.

Nyingine nitazipita haraka. Git-sources ni msimbo wa majaribio, kabla toleo halijatolewa rasmi, na mashini inayotunza barua za watu haina sababu ya kuugusa. Zen-sources inawalenga wanaotaka skrini iwaitikie upesi. Rt-sources ni ya kazi zinazohitaji jibu ndani ya muda usiovukwa, kama kuongoza mitambo au kurekodi sauti, na kuanzia toleo 6.12 la mwaka 2024 uwezo huo umeingizwa katika kerneli ya kawaida. Ama hardened-sources, hiyo ilitegemea viraka vya usalama vya grsecurity. Mwezi wa nne 2017 wenye viraka hivyo waliacha kuvitoa kwa umma, na mwaka huohuo Gentoo ikakiondoa kifurushi. Maandishi yako ya kwenye flashi yana umri wa mtoto wa shule.

Shauri langu ni kwamba ubaki na gentoo-kernel-bin. Mimi nina kori nne, na siku niliyojaribu gentoo-kernel mashini ilianza asubuhi ikamaliza watoto wakiwa wamekwisha kurudi kutoka shuleni. Usanidi ule una maelfu ya moduli, yaani vipande vya kerneli vya kuhudumia vifaa na huduma mbalimbali, kwa sababu umekusudiwa kuifaa kompyuta ya kila mtu duniani, pamoja na vifaa ambavyo mimi na wewe hatutaviona kamwe. Kwa kori mbili na betri moja, sioni unachokitafuta huko.

Mwalimu wa Himbi (Goma)

Ninamheshimu yaya Fundi, na katika maelezo yake ya majina sina la kuongeza. Lakini hitimisho lake linahesabu saa za prosesa peke yake, wakati ndugu yetu ametuambia waziwazi kwamba ananunua megabaiti. Nionavyo mimi, gentoo-sources inamfaa zaidi, na sababu zangu ni mbili ambazo watu wengi hawazitaji.

Sababu ya kwanza ni upakuaji. Faili la msingi la msimbo, tuseme linux-6.12.tar.xz, lina karibu MB 140, na mtu akiona tarakimu hiyo hukata tamaa. Hajui kwamba faili hilo hupakuliwa mara moja tu kwa mfululizo mzima, yaani matoleo yote yanayoanza na namba ileile. Ukitoka 6.12 ya wiki hii kwenda 6.12 ya wiki ijayo, Portage inachukua viraka peke yake, vyenye megabaiti chache, na kuvibandika juu ya faili lilelile la msingi lililokwisha kuwamo katika /var/cache/distfiles, mradi usilifute. Ni hivyo kwa gentoo-sources, na ni hivyo pia kwa vanilla-sources. Gentoo-kernel-bin haiwezi kukufanyia huruma hiyo, kwa kuwa matokeo ya kukompaili hayabandikwi viraka: kila toleo linakuja na kifurushi kizima kipya. Na matoleo ya kurekebisha hutoka mara nyingi, pengine kila wiki.

Hata hizo MB 140 si lazima zipite katika modemu yako. Andika amri ya Portage, emerge -pf gentoo-sources, nayo itakuonyesha anwani za mafaili yanayohitajika. Mpe rafiki mwenye intaneti nzuri ayapakue, akuletee kwenye flashi, uyaweke katika distfiles. Usihofu kwamba flashi imeharibu kitu njiani, kwa sababu Portage inapima alama ya kila faili kabla ya kulitumia, na lililobadilika hata kwa baiti moja inalikataa.

Sababu ya pili, ambayo kwetu sisi wa Kivu ni kubwa kuliko ya kwanza, ni umeme. Portage inapokompaili gentoo-kernel, inafanyia kazi katika folda yake ya muda. Umeme ukikatika baada ya saa tatu, ukirudia emerge kwa namna ya kawaida inaifuta folda ile na kuanza upya kabisa. Lakini gentoo-sources inakuwekea msimbo tu katika /usr/src, nawe unakompaili mwenyewe kwa programu ya make. Make haina kinyongo: inaangalia yaliyokwisha kukamilika na kuendelea pale ilipoishia. Mimi kerneli yangu ya kwanza niliikompaili kwa siku tatu, saa mbili leo, saa moja kesho, na ikafanya kazi. Jihadhari na jambo moja tu. Umeme ukikatika ghafla, baadhi ya mafaili yaliyokuwa yanaandikwa yanaweza kubaki matupu, na make itayadhani yamekamilika. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, ukiwa ndani ya folda ya msimbo, andika find . -name '*.o' -size 0 -delete, kisha uendelee.

Sasa hofu ya yaya Fundi kuhusu maelfu ya moduli. Hofu hiyo ina dawa yake, nayo ni make localmodconfig. Amri hiyo inatazama moduli zinazotumika saa hiyo katika mashini na kuziondoa nyingine zote katika usanidi. Ifanye ukiwa umewasha kerneli ya gentoo-kernel-bin, kwa kuwa ndiyo yenye kila kitu. Katika kompyuta yangu ya kori mbili, kazi iliyokuwa ya siku nzima ilishuka ikawa chini ya saa moja. Zima pia maelezo ya kutafutia hitilafu, yale ya CONFIG_DEBUG_INFO, maana yanajaza diski na kuchelewesha kazi bila kukusaidia.

Lakini nisikilize vizuri hapa: kabla ya kuandika amri hiyo, chomeka modemu, printa zote na kila kifaa unachokitumia. Kisichokuwa kimechomekwa, kwa localmodconfig hakipo duniani.

Dada wa Katuba (Lubumbashi)

Ninyi ndugu mmebishana juu ya nani akompaili, na hakuna aliyemuuliza Mchapaji anafuata mfululizo upi, wakati huo ndio uchaguzi unaogusa usalama wa kazi za wateja wake.

Katika kernel.org kuna mfululizo mkuu, ambao hutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi. Kuna mfululizo thabiti, ambao huachwa mara toleo linalofuata linapozoeleka. Na kuna mifululizo ya muda mrefu, kama 6.1, 6.6 na 6.12, ambayo hurekebishwa kwa miaka miwili au zaidi. Kwa sekretariati, chukua wa muda mrefu bila kusitasita.

Hata hivyo, usidhani kwamba muda mrefu maana yake ni kutokosea. Mwezi wa kumi na moja 2023, toleo 6.1.64 lilitolewa likiwa na rekebisho la ext4 (mfumo wa mafaili wa diski) lililoletwa kutoka matoleo ya mbele bila badiliko lingine ambalo lilipaswa kuandamana nalo, na kwa programu zinazoandika moja kwa moja kwenye diski data ingeweza kuharibika. Mwezi uliofuata watu wa Debian, Linux nyingine, walikuwa karibu kutoa 12.3, wakasimamisha, wakairuka namba hiyo, wakatoa 12.4 baada ya rekebisho kupatikana katika 6.1.66. Ninaikumbuka juma hilo kwa sababu nilikuwa nimepanga kusasisha seva ya ofisi Jumamosi ile, nikachelewa kwa uvivu tu, na uvivu wangu ukaitwa busara.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoshabikia vanilla-sources. Katika Gentoo, vifurushi vya vanilla-sources havipewi alama ya uthabiti, kwa hiyo utalazimika kuifungua njia mwenyewe na kupokea kila toleo siku linapotoka. Gentoo-sources hupewa alama hiyo kwa mifululizo ya muda mrefu baada ya kujaribiwa. Kusubiri huko kwa siku chache ni kinga ambayo huilipii kitu. Likitangazwa pengo kubwa la usalama, hapo usisubiri.

Jambo moja zaidi, linalohusu mfuko wako. Mfululizo mpya wa muda mrefu ukipewa alama, Portage itakuvuta kuuendea, na kuhama mfululizo ni kupakua faili jipya la msingi. Ukichagua 6.12, andika katika package.mask, orodha ya matoleo unayoyazuia, mstari huu: >=sys-kernel/gentoo-sources-6.13. Utauondoa siku utakayoamua mwenyewe kuhama, na usingoje mpaka mfululizo wako umekwisha kuachwa.

Mchapaji wa Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana kwenu nyote watatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye, kisha niseme.

Nimechukua gentoo-sources ya 6.12. Faili la msingi niliomba niletewe kwa flashi kama Mwalimu alivyoshauri, na Portage ikalikubali mara ya kwanza. Nilichomeka modemu na printa zote mbili, nikaandika make localmodconfig, nikaanza make -j2 wakati jua limepanda. Umeme wa betri uliniishia mara mbili. Mara ya kwanza hakukuwa na faili tupu hata moja. Mara ya pili yalikuwamo mawili, nikayafuta, kazi ikaendelea. Kwa jumla sikuzidisha saa moja na nusu, nikihesabu vipande vyote.

Kerneli imewaka vizuri, modemu inapatikana, printa zinachapa. Aibu ilinipata kesho yake asubuhi. Mteja wa kwanza akanipa flashi yake, mashini ikakataa kuifungua. Wa pili vilevile. Nikafikiri flashi zao ni mbovu, nikawaambia hivyo, mpaka wa tatu aliponiambia kwamba yake ameinunua jana. Halafu kompyuta mbili za pembeni hazikupata intaneti, ijapokuwa mashini kuu inaipata bila shida. Nimerudi kwenye gentoo-kernel-bin kwa kupitia menyu ya kuwashia, na kila kitu kikarudi. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Himbi (Goma)

Kosa ni langu kuliko lako, kwa sababu nilikuambia uchomeke vifaa, sikukuambia uzitumie huduma. Siku ile ulipoandika localmodconfig hapakuwa na flashi ya mteja iliyofunguliwa, kwa hiyo moduli za vfat na exfat, mifumo ya mafaili ya flashi, hazikuwa zimepakiwa, wala zile ndogo za herufi, nls_cp437 na nls_iso8859-1, ambazo zikikosekana flashi ya vfat inakataliwa hata kama vfat yenyewe ipo. Na kama kompyuta za pembeni zilikuwa zimezimwa na ugawaji wa intaneti haujawashwa, basi moduli za kubadilisha anwani za mtandao nazo ziliondolewa.

Huna haja ya kuanza upya. Fungua make menuconfig. Katika mifumo ya mafaili rudisha vfat, exfat na ntfs3, katika lugha za herufi rudisha hizo mbili na utf8, na katika sehemu ya mtandao rudisha NAT na MASQUERADE, zote kama moduli. Kisha make, halafu make modules_install na make install. Make itakompaili mapya na yale yanayoyategemea tu.

Kwa siku zijazo kuna njia iliyo bora kuliko ile niliyokupa. Ukiwa katika gentoo-kernel-bin, kwa wiki moja nzima, kila jioni kabla ya kufunga andika lsmod >> /root/moduli.txt, amri inayoongeza katika faili orodha ya moduli zilizopakiwa. Wiki hiyo itapita flashi za kila aina, printa zitachapa, kompyuta za pembeni zitaingia mtandaoni. Mwishoni andika make LSMOD=/root/moduli.txt localmodconfig, nayo itafuata orodha ya wiki nzima badala ya ile ya dakika moja. Na ukisasisha ndani ya 6.12, usirudie haya yote: nakili .config ya zamani, faili lenye usanidi wako, katika folda ya msimbo mpya, uandike make olddefconfig, na maswali mapya yatajibiwa kwa majibu ya kawaida.

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ninakiri kwamba hesabu ya viraka sikuwa nimeifanya, na kuanzia mwezi huu nitaifanya. Ila angalia, ndugu Mchapaji: kilichokuokoa asubuhi ile mbele ya wateja ni gentoo-kernel-bin niliyokushauri ubaki nayo. Usiifute. Iache katika /boot kama tairi la akiba, bila kuisasisha kila mara, na uiongeze katika package.mask ili Portage isikupakulie toleo lake jipya kila unaposasisha mfumo. Ila usiifanye ya kufanyia kazi kila siku ikiwa imezeeka, kwa maana matundu ya usalama yatakuwa yamebaki humo.

Tena safisha /usr/src. Portage ikiondoa toleo la zamani la gentoo-sources huondoa msimbo ilioweka yenyewe, lakini mafaili yaliyozaliwa na make yanabaki, na kwa diski kama yako folda tatu za namna hiyo zinatosha kukukosesha nafasi.

Mchapaji wa Kadutu (Bukavu)

Nimefanya yote mawili. Moduli zilizokosekana zimeingia kwa dakika kumi na mbili, betri haikuhisi kitu. Leo nimefungua flashi tisa za wateja, moja ya ntfs, na kompyuta za pembeni zimekuwa mtandaoni tangu asubuhi. Wale wawili niliowaambia kwamba flashi zao ni mbovu nimewapigia simu. Mmoja amerudi, nimemchapia bure, na mwingine alikuwa amekwisha kununua nyingine.

Katika /usr/src nimekuta folda mbili za majaribio ya kijana yule, za kabla sijajua lolote, zikiwa zimekalia GB 11. Nimezifuta. Orodha ya lsmod nimeanza kuiandika jioni hii.